Mngurumo Unaomfaa Shangazi

Sailensa ya kushoto ya pikipiki ilianguka getini Jumamosi asubuhi, Shangazi alipokuwa anatoka kupeleka gauni la bibi harusi. Haikuanguka kwa heshima. Iliburuzika kwanza ikitoa cheche kwenye zege, kisha ikajiachia na kubingirika mpaka ikagonga beseni la nguo la Mama Pacha, na hapo ikatulia ikifuka moshi. Pikipiki, upande mmoja sasa ukiwa wazi, ilipiga ukelele uliowapandisha kuku ukutani. Mapacha wakaamka wote kwa mpigo.

Shangazi hakusimama, wala hakugeuka. Aliinua mkono kutuaga, gauni limefungwa mgongoni kwake kama mtoto ndani ya mfuko mweupe, akakata kona na kupotea.

"Umemwona?" Mama Pacha aliniuliza, pacha mmoja begani, mwingine akilia mkekani. "Umemwona shangazi yako? Kitu kimeanguka nusura kinivunje mguu, watoto wanalia, yeye anatupungia mkono kama kiongozi wa nchi!"

Nilimwomba radhi. Aliniambia nipaze sauti, hasikii ninachosema. Nikamwomba radhi tena.

Nyumba yetu ni ya kupanga, ya ua mmoja, milango inatazamana. Mimi na Shangazi tuna vyumba viwili vya pembeni. Cha mbele ndicho karakana yake: vyerehani, meza ya kukatia, kioo kirefu, na magauni meupe yananing'inia kwenye bomba la dari. Mtu akiingia mara ya kwanza hushtuka akidhani kuna watu. Yeye ni dada wa baba yangu, lakini ua mzima unamwita Shangazi, hata mwalimu mstaafu wa chumba cha kati anayemzidi umri.

Pikipiki yenyewe ni kubwa na ya zamani, imenizidi miaka. Injini yake ina silinda mbili zilizoachana juu na kukutana chini, kama vidole viwili vya mtu anayeomba ruhusa darasani. Aliinunua kwa mpima ardhi mmoja aliyestaafu baada ya mgongo kumkatalia kuinyanyua. Watu wakamcheka: mama mzima, mwenye mwili wake, juu ya dude kama lile! Yeye akawajibu kuwa gauni la harusi halikunjwi, na kwenye basi kila abiria ana mkaa, dagaa au mtoto anayekula embe. Akatengeneza masanduku mawili ya pembeni ya kuwekea vitambaa vya kichwa na viatu, na gauni lenyewe akawa analibeba mgongoni. Tangu hapo hakuna bibi harusi aliyewahi kumngoja. Nimewahi kumwona akipita kwenye tope ambalo wanaume waliteremka na kusukuma za kwao, yeye ameketi wima, na mfuko ule mweupe ukifika bila doa.

Lakini kelele jamani! Kila mwaka zilizidi. Jumamosi ile jioni wapangaji walikaa uani, mwalimu mstaafu akiwa katikati, na hakuna aliyekuwa mkali.

"Shangazi, tunakupenda," alisema Mama Pacha. "Lakini wanangu wanalala kwa mafungu. Nikimlaza huyu, wewe unaondoka. Nikimlaza huyu, wewe unarudi."

Mwalimu alihitimisha. Ama pikipiki itulie kabla ya Jumapili ijayo, ama itafutiwe pengine pa kulala. Shangazi alikubali kwa kichwa. Sote tulijua hapakuwa na pengine. Pikipiki kama ile ikilala nje, asubuhi unakuta alama ya mafuta chini.

Ndani, akivua subana ya kushonea kidoleni, aliniambia, "Isipotulia, nitaiuza. Na nikiiuza, maharusi wa mbali ndio basi. Nitabaki kupunguza suruali za watu kiuno."

Alisema akicheka. Lakini mkono wake ulikuwa unapapasa mfuko mweupe mtupu uliokuwa juu ya meza, na haukuacha.

"Tutapata sailensa nyingine nzuri, Shangazi," nilisema.

"Tutapata, mwanangu."

Hapo niseme jambo moja. Nina sauti ndogo. Nilisomea ukutubi, na chuoni walisema fani ndiyo iliyonichagua. Dukani narudia mara mbili kuomba chumvi. Shangazi peke yake hajawahi kuniambia nipaze sauti. Hata tukiwa pande mbili za chumba na cherehani kinakwenda, mimi nanong'ona na yeye ananijibu. Siku zote niliamini kuwa ni mapenzi.

Jumatatu tuliifunga sailensa kwa waya na kwenda kwa Kimya.

Kimya ni fundi wa sailensa, na jina hilo alipewa na mtu mwenye utani, maana kinywa chake hakijui likizo. Kibanda chake kiko kwenye uchochoro wa mafundi chuma, kati ya mchomeleaji madirisha na mtu wa kunyoosha bodi za magari, na juu ya mlango ameandika kwa rangi nyekundu: KIMYA KINGI KINA MSHINDO MKUU. Ukuta mzima umening'inizwa sailensa, nyembamba, nene, zilizopinda, mpya na za mtumba, kama mabirika ya majitu.

Aliingiza kidole kwenye ile iliyoanguka. Kutu ikamwagika kama majani ya chai.

"Mama, hii siyo sailensa. Hili chujio!" alisema. "Mapazia ya ndani ya kuzuia mlio yameoza yote. Umekuwa ukiendesha chujio barabarani, na polisi wanakuangalia tu!"

"Wananiogopa," alijibu Shangazi.

"Hata mimi nakuogopa. Ngoja sasa nikuvalishie huyu binti yako wa chuma vizuri. Ana miguu mizuri huyu, kinachomuangusha ni viatu."

Alipima midomo ya mabomba ya moshi, moja la silinda ya mbele na moja la nyuma, akachagua ukutani. Za kwanza zilikuwa fupi, zimenyooka, zinang'aa mpaka unaweza kujitazama na kupaka wanja. Alizikaza, akaketi, akawasha.

Sikuwahi kusikia kitu kama kile. Ulikuwa mlio wa kupasua, mkavu, kama mtu anavunja mbao karibu na sikio lako. Alipoachia mafuta, zikapiga mabomu mawili. Mchomeleaji wa jirani aliinua kioo chake cha uso akatutazama.

Uso wa Shangazi ulifunguka kama dirisha. "Hizi!" alisema. "Kimya, hizi! Usizitoe!"

Hata hivyo alifanya jaribio lake la ushonaji. Alitoa kwenye mkoba kipande cha kitambaa cheupe cha gauni, akakishika usawa wa sanduku la pembeni wakati injini inazunguka. Kikawa na masizi kama kitambaa cha jikoni. Sailensa zilikuwa fupi mno, moshi ulitokea kabla ya kulipita sanduku.

"Nitafunika sanduku," alisema haraka.

"Shangazi," nilisema, "na Mama Pacha je?"

"Watazoea."

Sikumtambua. Mtu huyu, ambaye hukata uzi kwa meno ili mkasi usimwamshe paka, alikuwa anasema watazoea.

"Mama, watakufukuza," Kimya alisema akicheka. "Ama kweli, sikio la kufa halisikii dawa!"

Shangazi alimtazama mdomoni, kisha akacheka. Alicheka sana, lakini alichelewa kidogo kuanza.

Kimya alizitoa za kwanza akafunga za pili: nyembamba, za heshima, zimejaa mapazia mapya ndani. Jirani alikuwa ameanza kukata chuma kwa grenda, vumbi limetanda, kwa hiyo Kimya alipandisha barakoa. Shangazi alikuwa ametupa mgongo, anazifuta zile fupi kwa upindo wa nguo yake, kama mtu anayemuaga mgeni.

Kimya akawasha. Pikipiki ilinguruma taratibu, chini kwa chini, mpaka nikasogea kuhakikisha. Moyo wangu ulipiga kigelegele. Akilini niliwaona mapacha wamelala. Niliona mambo yamekwisha.

"Haya basi, Kimya, washa," alisema Shangazi, bado ametugeuzia mgongo. "Au unangoja tarumbeta?"

Kimya alinitazama. "Mama, imewaka," alisema ndani ya barakoa.

Shangazi aligeuka. "Unasemaje?"

"Imewaka, mama! Imewaka!"

Alimtazama Kimya usoni, pale palipokuwa na kitambaa. Akaitazama pikipiki. Kisha akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona, kama mtu aliyepotea sokoni.

"Shangazi," nilisema kwa mazoea yangu, bila kupaza, "imewaka."

"Aa," alijibu. "Kumbe imewaka."

Grenda ilikuwa inakata chuma. Mimi mwenyewe sikuwa nimeisikia sauti yangu.

Kimya alizima injini. Akasema anakwenda kutafuta bolti, akatuachia kibanda, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa zawadi kubwa.

Shangazi alikaa juu ya tairi kuukuu. Nikachuchumaa mbele yake.

"Tangu lini?" niliuliza. Safari hii nilizuia sauti kabisa, midomo tu ikacheza. Na akanijibu.

"Tangu kiwandani."

Nilijua kuwa alifanya kazi kiwanda cha nguo kabla hakijafungwa. Ilikuwa habari ya kawaida ya nyumbani, kama vile mtu kuwa na kovu. Sikuwahi kuuliza zaidi.

"Ukumbi wa kufuma," alisema, "mitambo ilikuwa safu kwa safu, yote inapiga kwa pamoja. Ukipiga kelele mwenzako hasikii hata ukifungua mdomo sikioni mwake. Basi tukajifunza kuongea kwa midomo. Wafumaji wote. Tulikuwa tunamsengenya msimamizi yeye amesimama katikati yetu, anatabasamu!" Alicheka, kisha akaacha. "Tulivyotoka pale, masikio yangu hayakutoka. Kwanza walikwenda ndege. Halafu simu. Halafu watoto."

"Watoto?"

"Hawa mapacha. Nawaona wanalia. Naona vinywa vyao. Nadhani wana sauti nzuri."

Niliwakumbuka maharusi wote aliowapima kiwiliwili kwa nyuma, na jinsi alivyohakikisha kila mmoja anatazama kioo kirefu. Nilidhani anataka wajione walivyopendeza. Kumbe alikuwa anasoma midomo yao kwenye kioo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudia neno, na hakuna hata mmoja aliyetoka pale bila kuambiwa jambo la kumtuliza moyo.

"Na barabarani?" niliuliza.

"Barabarani nina vioo. Umewahi kuona pikipiki yenye vioo vikubwa kama vya kwangu? Wengine wana masikio na hawaangalii nyuma. Mimi naangalia mpaka shingo inauma." Aliigusa ile sailensa iliyooza. "Tatizo siyo magari. Tatizo ni yeye. Mita yake ilikufa zamani. Najua gia kwa sauti. Akilia, nampandisha. Akinung'unika, namshusha. Kila mwaka masikio yangu yalipungua, na yeye kila mwaka akatoboka akaongeza sauti. Tumezeeka vizuri mimi na yeye, mmoja anamsaidia mwenzake. Sasa nikimfunga mdomo, sitajua anataka nini. Nitaua injini, au nitapanda mlima na gia isiyofaa, lori likiwa nyuma yangu."

Kwa hiyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Sailensa ya kuufaa ua haikumfaa yeye, na ya kumfaa yeye ilimfukuza uani. Nilitaka kumwambia aache kuendesha. Nilikuwa nayo maneno, mazuri kabisa, ya usalama na umri. Nikamtazama mikono ilivyoshika lile chujio la kutu, kama mkono wa mgonjwa, nikayameza.

Kimya alirudi bila bolti yoyote. Alikuwa amevua barakoa na kuitia mfukoni, na alisimama mbele ya Shangazi, siyo pembeni.

"Kuna nyingine," alisema polepole. "Sikuzitoa kwa sababu ni mbaya."

"Polepole hivyo unanifanya mgonjwa," alisema Shangazi. "Ongea kama kawaida yako. Nakosa robo tu, na robo yako huwa ni upuuzi."

Kimya aliangua kicheko mpaka akashika ukuta.

Kweli zilikuwa mbaya. Zilikuwa ndefu, nene, nyeusi kama masufuria, na kila moja imevimba katikati kama chatu aliyemeza mbuzi. Alisema zilitoka kwenye pikipiki nyingine kubwa iliyokufa, na hakuna kijana anayezitaka kwa sababu hazina urembo.

"Hizi zina tumbo," alieleza. "Moshi ukiingia unapata nafasi ya kupumua, unatoka na sauti nzito. Kelele inayoamsha mtoto ni ile kali, ya kuchoma. Hii inabembeleza."

Alizifunga kwa jasho. Ilibidi achonge kishikio kipya, kisha akazikaza moja kwa moja kwenye chuma kile kile kinachoshika sehemu za kukanyagia miguu, kwa kuwa uzito wake haukuruhusu zining'inie kwenye mipira kama zile za heshima. Shangazi alipanda. Injini ikawaka, na mngurumo wake ulikuwa wa chini, wa mviringo, kama mzee anayesafisha koo chumba cha pili.

Alifumba macho. Nilingoja.

"Naisikia," alisema. "Kwa mbali. Najua ipo. Lakini haitoshi, mwanangu. Sijui anataka nini."

Akazima. Nilihisi machozi yananijia, na kwa sababu sikutaka ayaone niliuliza swali la kwanza lililonijia.

"Kule kiwandani, mtambo mmoja ukianza kuharibika, mlijuaje? Na hamsikii kitu?"

Aliinamisha kichwa, akatazama miguu yake.

Alikuwa amevaa mabuti yake ya safari, yenye soli nene. Na chini ya mabuti, sehemu za kukanyagia zilikuwa zimezungushiwa mpira wa tairi, tabaka juu ya tabaka, umekazwa kwa waya. Aliuzungushia mwenyewe.

"Kwa nyayo," alisema. "Tulikuwa tunavua viatu. Sakafu ilikuwa ya mbao. Mtambo ukikosea hata pigo moja, unalipata hapa." Akajigusa kisigino. "Mgeni alikuwa anatucheka tunavyotembea pekupeku kama tunachota maji. Halafu mimi..." Alipiga paja lake kofi. "Mimi mfumaji! Pikipiki ilivyokuwa inatetemesha miguu nikaona ganzi, nikaenda kununua mpira nikaifunga! Kimya, umewahi kumwona mtu anayeziba masikio yake mwenyewe kwa tairi?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza, mama."

"Basi lete kisu!"

Kimya alikata ule mpira vipande vipande. Ulitoka na tope la miaka. Shangazi alivua mabuti, akavua soksi, akazikunja vizuri ndani ya mabuti kwa sababu yeye ni mtu wa mpangilio hata kwenye furaha. Nyayo zake zilikuwa pana, zimepauka. Aliziweka juu ya chuma kitupu.

Kimya aliegemeza pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma likiwa hewani, akawasha. Shangazi alifumba macho tena. Alivuta mafuta kidogo, akaachia, akavuta. Kitu kilipita usoni kwake, kama mtu anayekumbuka jina.

"Huyu hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hapa, mjinga huyu, alikuwa anaongea miaka yote."

Akaanza kupandisha gia. Kimya, mwenye masikio ya kazi, alisimama pembeni na kuinua kidole gumba kila injini ilipoomba. Nikawa natazama kidole, natazama mguu. Ya pili. Ya tatu. Kila kidole cha Kimya kilipoanza kuinuka, mguu wa Shangazi ulikuwa umeshamaliza kazi. Mara moja walitofautiana, Shangazi akasubiri wakati Kimya tayari ameinua. Kimya aliinamisha kichwa, akasikiliza, kisha akashusha kidole chake.

"Yeye ndiye sahihi," aliniambia. "Mimi niliharakisha."

Shangazi hakuridhika hivi hivi. Alitaka zile za heshima zirudishwe, azijaribu pekupeku, maana kama nyayo zinatosha, kwa nini asichague zinazopendeza? Kimya aliapa kwa majina yote, lakini alifungua na kufunga upya. Shangazi alizisikiliza kwa miguu, akatikisa kichwa. "Najua imewaka, basi. Hizi zinasema kila kitu kwa sauti moja, kama mtu wa mapokezi." Wale chatu wakarudi mahali pao. Kitambaa cheupe kikashikwa tena penye sanduku, na mara hii kilibaki cheupe, kwa sababu urefu wao ulipeleka moshi nyuma kabisa. Alikikunja akakirudisha kwenye mkoba, na kwa jinsi alivyokikunja nikajua uamuzi umepita.

"Ni mbaya lakini," alisema Kimya akizitazama.

"Hata mimi sikuolewa kwa sura," alijibu Shangazi.

Tulirudi alasiri. Uani mapacha walikuwa wamelala mkekani karibu na mlango, na Mama Pacha anaanika nguo. Shangazi alikata kona, akaingia getini, akavuka zege mpaka pembeni kwetu. Mimi niliyekuwa nyuma niliwakodolea macho watoto. Pacha mmoja alikunja uso, akanyonya mdomo wake, akalala. Mwingine hakujua hata kama dunia ipo. Mwalimu mstaafu alishusha gazeti, akatazama, akalipandisha.

Mama Pacha alisema kitu huku ameinamia beseni, kibanio cha nguo kipo katikati ya meno.

Nilijua Shangazi angefanya nini. Angecheka, angesema "Haya, haya," kisha angeingia ndani. Ndivyo alivyofanya miaka yote, na ndiyo sababu watu walimwona mcheshi na wengine wakamwona ana dharau. Lakini alibaki amesimama, mabuti yananing'inia mkononi.

"Mama Pacha, nigeukie mwanangu," alisema. "Sisikii."

Mama Pacha aligeuka.

"Masikio yangu ni mabovu, siku nyingi. Siku ile chuma kilipokuangukia sikukisikia. Na watoto sikuwasikia. Mlidhani nawadharau, na mimi nikaona aibu kusema, nikawaacha mdhani."

Kibanio kilimdondoka Mama Pacha. Mwalimu akalikunja gazeti lote.

"Shangazi," alisema Mama Pacha, mkono kifuani, "mimi nimekusema siku zote hizi hapa. Mungu anisamehe, nimekusema vibaya! Hukusikia, eeh?"

"Sikusikia," alisema Shangazi. "Nimeona. Kila neno, ulivyokuwa pale bombani na mke wa kinyozi. Hilo la makalio yangu na kiti cha pikipiki ulilisema vizuri sana."

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Mama Pacha alijifunika uso kwa nguo mbichi. Na ni kicheko hicho, siyo pikipiki, kilichowaamsha mapacha. Shangazi alimnyanyua mmoja, akauweka ule mdomo mdogo uliofunguka karibu na shavu lake, na akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kumbembeleza. Mwalimu alisema, bila kikao, kwamba pikipiki inalala palepale ilipo. Alisema akiwa amesimama mbele yake, akitamka kila silabi kama imla.

Jumamosi iliyofuata palikuwa na gauni la mbali, lenye mkia mrefu, na Shangazi aliniambia nipande nyuma nilibebe mimi. Alikuwa amevaa raba nyepesi za kitambaa, soli kama karatasi. Tulitoka mjini, tukafika kwenye ule mlima ambao malori hupanda yakiugua. Nilihisi mngurumo unapanda kutoka chini, unapita kwenye chuma, unaingia kwenye mbavu zangu, na nikajitahidi kujua ni wapi injini itaomba. Sikuweza. Kabla sijakisia, mguu wake ulikuwa umeshajibu, gia imeshuka, nasi tukalipita lori moja, kisha jingine, macho yake yakienda kwenye kioo na kurudi, kwenye kioo na kurudi.

Karibu na kilele alipaza sauti. "Unaisikia?"

"Naisikia," nilisema, nikakumbuka kuwa hawezi kuuona uso wangu. Nikauweka mkono wangu wazi mgongoni kwake, nikabonyeza.

"Vizuri," alisema. "Sasa mkono huo urudi kwenye gauni. Likikunjana, utalipiga pasi wewe."